Fremu ya "Historia ya Jina Livingstone": nyota mbili, na mahali nilikoipata historia yenyewe

Nilipotimiza miaka kumi kazini, wenzangu wa wodini walichanga wakaninunulia zawadi. Ilikuwa fremu ya mbao, ndani yake hati yenye kichwa cha rangi ya dhahabu: historia ya jina Livingstone. Waliinunua kwenye duka moja la zawadi pale Royal Mile, Edinburgh, kwa pauni 34.99. Risiti waliiacha ndani ya boksi, nikitaka nikabadilishe. Beji yangu ya kazini imeandikwa Livingstone, na hapa Glasgow haipiti wiki bila mgonjwa kuniuliza jina hilo nimelipata wapi. Walitaka niwe na cha kujibu. Kwa moyo huo nawashukuru sana, na haya ninayoyaandika hayawahusu wao. Yanahusu bidhaa.

Nayaandika kwa sababu najua tuko wengi. Ukiwa Mtanzania, jina la mwisho kwenye pasipoti mara nyingi ni jina la kwanza la baba yako, na baba zetu walibatizwa Livingstone, Gordon, Mackay, Kennedy. Ukifika Uskoti jina hilo linageuka jina la ukoo, watu wanakutafutia ndugu usiowajua, na maduka ya zawadi yanakungoja na hati zao. Kabla hujatoa pesa, soma.

Nianze na mema. Fremu ni mbao ya kweli, si plastiki iliyopakwa rangi. Pembe zimeshikana vizuri, kioo ni kizito, na ndoano ya nyuma imekaa ukutani kwangu miezi mingi bila kulegea. Karatasi ni nene, ina mikwaruzo ya makusudi ili ionekane ya kale, na maandishi yake yamechapwa safi. Kwa kazi ya mikono ningetoa nyota nne bila kusita. Matatizo yote yako kwenye yale yaliyoandikwa.

Juu kabisa kuna ngao. Ni nyeupe, ina maua matatu mekundu ya petali tano tano, na kuizunguka kuna mistari miwili ya kijani iliyopambwa kwa vichwa vya maua. Chini yake kuna maneno ya Kifaransa, Si je puis, yaani "nikiweza". Chini ya hayo hati inasema hii ndiyo ngao ya familia ya Livingstone, na kwamba kila mwenye jina hili ana haki ya kuitundika kwa fahari.

Hapo hati imekosea, tena kosa la wazi. Kwa sheria ya Uskoti hakuna ngao ya jina la ukoo. Ngao ni mali ya mtu mmoja, na baada yake mrithi wake, kama shamba lenye hati miliki. Edinburgh kuna mahakama kabisa ya mambo hayo, ya Lord Lyon, na daftari lake la ngao zote lilianzishwa mwaka 1672. Ukitumia ngao ya mwenzio kana kwamba ni yako, sheria inaweza kukushughulikia. Mtu wa kawaida wa ukoo anachoruhusiwa kuvaa ni beji yenye pambo la juu la nembo ya mkuu wa ukoo wake, iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu. Mkanda ule ndio unaosema: mimi ni mfuasi, si mwenyewe.

Na ngao hii ya maua matatu ina wenyewe wanaojulikana. Ni ya akina Livingston wa Callendar, karibu na Falkirk, mabwana wakubwa wa nyanda za chini. Mmoja wao, Sir Alexander, alimweka kizuizini mama wa mfalme mwaka 1439. Binti wa nyumba hiyo, Mary Livingston, alikuwa mmoja wa akina Mary wanne waliomfuata Malkia Mary wa Uskoti tangu utotoni. Wakapewa cheo cha Earl wa Linlithgow mwaka 1600, kisha wakakipoteza mwaka 1716 kwa kuunga mkono uasi wa Jacobite, wale waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha ufalme. Ni historia nzito, sikatai. Lakini haina uhusiano wowote na Dk. David Livingstone, mtu ambaye jina lake ndilo lililonifikia mimi.

Aya ya pili ya hati inaeleza asili. Inasema jina limetokana na mtu aitwaye Leving, aliyepata ardhi magharibi ya Edinburgh katika karne ya 12. Makazi yake yakaitwa kwa jina lake, kisha wakazi wakajiita kwa jina la makazi. Hili ni kweli. Mji wa Livingston upo hadi leo, na tangu mwaka 1962 ulipotangazwa kuwa mji mpya umekua sana. Thurstan, mwana wa Leving, ndiye aliyeitoa kanisa ya pale kwa abasia ya Holyrood. Hati inaishia hapo, inaruka moja kwa moja hadi kwenye picha ya Dk. David Livingstone na Maporomoko ya Victoria. Msomaji anaachwa aamini kwamba daktari ni mjukuu wa Leving.

Si kweli. Na nilivyolijua hilo ni kwa sababu ya mzee mmoja wa upande wa Oban, pwani ya magharibi ya Uskoti. Alikuja kumtazama mkewe, akasoma beji yangu, akacheka kwa furaha. Akaniambia, "Sisi wa Lismore tuliazima hilo jina kabla yenu." Nilimwomba aandike. Akachukua kalamu yangu, akaandika nyuma ya karatasi ya chakula cha wagonjwa: Mac an Lèigh.

Kwa Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, mac ni bin. Mac an Lèigh ni bin tabibu. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Lismore, kisiwa chembamba kwenye ghuba ya Loch Linnhe, walikuwa nalo kabla ya kuitwa Livingstone. Kwa Kiingereza liliandikwa MacLea au MacLeay. Wapo wanaosema asili yake ni ndefu zaidi, Mac Dhunnshlèibhe, bin Donn Sléibhe: donn ni rangi ya kahawia, sliabh ni mlima. Ukoo huo hadi leo ndio unaotunza fimbo ya Mtakatifu Moluag, aliyefariki mwaka 592. Ni fimbo ya mti mtupu, haifiki hata mita moja, na wanaiita Bachuil Mòr, fimbo kuu.

Basi ilikuwaje bin tabibu awe Livingstone? Makarani, makasisi na wenye mashamba waliandika Kiingereza, na mtu wa Kigaeli alipofika mezani alihitaji jina ambalo karani angeweza kuliandika. Livingstone lilikuwapo tayari, lina heshima, na lina sauti inayokaribia Dhunnshlèibhe. Wakalichukua. Mji wenyewe wa Livingston kwa Kigaeli unaitwa Baile Dhùn Lèibhe, na hapo unaona jinsi masikio ya watu yalivyoyasogeza majina hayo mawili pamoja. Yeyote aliyewahi kumwona mtoto akiandikishwa misheni kwa jina ambalo bibi yake hawezi kulitamka ataelewa bila kuchorewa ramani.

Nilitaka kuthibitisha kwa macho yangu, kwa hiyo nikafungua akaunti ScotlandsPeople, huduma ya serikali ya kutafuta kumbukumbu za Uskoti. Hii naipendekeza kwa mikono miwili. Kutafuta ni bure; unalipia pale unapotaka kuona picha ya ukurasa wenyewe. Nilinunua salio la pointi 30 kwa pauni 7.50, na kila ukurasa ulinikata pointi 6. Daftari za parokia za zamani zinaanzia mwaka 1553, usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo unaanza 1855, na sensa zipo kuanzia 1841. Mitandaoni huoni picha ya ukurasa wa kizazi cha miaka 100 ya karibuni, na hilo ni jambo jema kwa faragha ya watu walio hai.

Siri ya kutafuta ni moja: usiandike jina kwa herufi unazozijua wewe. Chagua kipengele cha majina yanayofanana. Nilipoweka Livingstone kwa parokia ya Lismore na Appin, zikaja Livingston, Livingstone, Levingston, na nilipobadilisha nikaweka MacLea ikafunguka milango mingine. Nilikaa hadi saa nane usiku. Mwandiko wa wino uliofifia, herufi za s ndefu kama f, jina la baba, jina la mama, jina la shamba. Hakuna ngao ukurasa mzima. Na ile e ya mwisho inakuja na kuondoka kama mvua za Aprili. Daktari mwenyewe, barua zake za ujanani alisaini Livingston, bila e.

Ayalandi hati haikuitaja hata kwa neno moja, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu kule ndiko jina Donn Sléibhe lilikovaa taji. Donn Sléibhe alikuwa mfalme wa Ulaid, mashariki ya Ulster, akauawa mwaka 1091. Kizazi chake kikaitwa Mac Duinnshléibhe na kikatawala hadi Mnormani John de Courcy alipouteka mji wa Downpatrick mwaka 1177. Baada ya kuangushwa, wengine wakahamia Donegal, na huko wakawa matabibu wa kurithishana wa mabwana wa O'Donnell, baba kwa mwana, wakitafsiri vitabu vya tiba kutoka Kilatini kwenda Kigaeli. Leo wazao wao wanaitwa Donlevy na Dunleavy. Wengine waliitwa tu "wale wa Ulster", Mac an Ultaigh, ndio akina McNulty. Na ukiwakuta akina Livingstone wa Armagh au Down, huwezi kujua kwa jina pekee kama babu yao alivuka bahari kutoka Uskoti au alikuwa palepale siku zote. Hayo yote yangetosha aya moja. Waliomimina dhahabu kwenye kichwa cha hati walikuwa na nafasi ya aya moja.

Nafasi waliyoipata waliipeleka Marekani. Hati inajivunia Philip Livingston aliyesaini Tangazo la Uhuru mwaka 1776, na babu yake Robert, mzaliwa wa Ancrum, Uskoti, mwaka 1654, aliyepata ardhi kubwa New York. Haisemi kwamba pesa ya familia ile ilipitia pia kwenye meli za watumwa. Mimi nimezaliwa Kasulu na nimesoma Ujiji. Njia ya kutoka Ujiji hadi Bagamoyo tuliisoma darasani, na wengine tuliisikia kwa wazee. Ukiniandikia historia ya jina hili ukaweka picha ya mtu aliyeipigia kelele biashara ile, halafu juu yake ukaweka kwa sifa watu walioifanya, na msomaji usimwambie kitu, umenikosea heshima.

Jumamosi moja nikapanda treni kutoka Glasgow Central hadi Blantyre, dakika ishirini na ushee, kisha nikatembea hadi makumbusho ya alikozaliwa David Livingstone. Yalifunguliwa upya mwaka 2021 baada ya matengenezo makubwa. Kama una pauni 34.99 za fremu, zipeleke huku. Jengo linaitwa Shuttle Row, nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba iliyokaliwa na familia 24. Yeye alizaliwa humo tarehe 19 Machi 1813, kwenye chumba kimoja. Chumba hicho kipo. Nilisimama mlangoni nikakipima kwa macho: kitanda kimeingizwa ukutani kama kabati, jiko, kiti, basi. Akiwa na miaka kumi aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Makumbusho hayafichi kwamba pamba ile ililimwa na watumwa ng'ambo.

Babu yake, Neil, alitoka kisiwa cha Ulva, kando ya Mull, mkulima mdogo aliyekuja Blantyre kutafuta kibarua mwishoni mwa karne ya 18. Daktari aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba babu yake huyo aliweza kusimulia maisha ya wazee wao hadi vizazi sita nyuma, na kwamba baba wa babu aliuawa vitani Culloden. Vizazi sita kwa mdomo! Nilipoyasoma hayo nilikaa kwenye benchi. Hata Babu yangu alikuwa hivyo, na watu wa aina hiyo hawahitaji hati ya dukani.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba Abdullah Susi na James Chuma wamepewa nafasi yao mle ndani. Wao na wenzao ndio walioubeba mwili wa daktari kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikofia mwaka 1873, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Moyo waliuzika kulekule chini ya mti. Nilimwona baba wa Kiskoti akimwonyesha mwanawe picha zao na kumtamkia majina taratibu, Su-si, Chu-ma. Hati yangu ya pauni 34.99 haina jina hata moja la Mwafrika.

Wala haina neno juu ya matumizi ya jina hili kwetu, na hayo ni mengi. Kuna mji wa Livingstone Zambia, karibu na maporomoko. Kuna Livingstonia Malawi, na jiji la Blantyre hukohuko, lililobeba jina la hiki kijiji cha viwanda. Kuna Milima ya Livingstone kwetu, inayoshuka wima hadi Ziwa Nyasa. Na kuna watu. Watanzania wote wanamjua Livingstone Lusinde, aliyekuwa mbunge wa Mtera. Kwetu jina hili limetoka kwenye ukoo likawa jina la kwanza, kisha kwa desturi yetu likageuka tena kuwa la mwisho kwa watoto. Limezunguka duara zima, na wakati huohuo hakuna ukoo wa Livingstone Kasulu hata mmoja. Mwanangu hatalibeba; jina lake la mwisho ni la baba yake.

Nilipiga simu nyumbani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, mbona usiku?" Nikamweleza habari za fremu. Nikamuuliza, hivi Babu alimpa Baba jina la yule Mzungu wa Ujiji? Shangazi akanyamaza kidogo. "Mzungu gani? Baba yako amepewa jina la dresa."

Sikuwahi kulisikia hilo. Mwaka 1954 Bibi alipata uchungu wa siku mbili, na kwenye zahanati ya misheni kulikuwa na dresa, yaani mhudumu wa tiba, Muha mwenzetu, aliyebatizwa Livingstone. Ndiye aliyekesha naye. Mtoto akatoka hai na mama hai. Babu, aliyekuwa mwinjilisti na tayari ana jina la Biblia mfukoni, aliliacha hilo akampa mtoto jina la mtu aliyemwokoa. Baba yangu aliitwa kwa heshima ya tabibu wa Kasulu.

Kwa hiyo mgonjwa akiniuliza siku hizi, namwambia: kuna Livingstone wa Leving, kuna wa Lismore, kuna wa Ulster, na kuna wa dresa. Mimi ni wa dresa. Wengi wanavuta kiti.

Dukani nilirudi, niliona ni haki niseme mbele yao kabla ya kuandika. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu yote, akasema maandishi huletwa na msambazaji na wao huuza tu. Angeweza kunibadilishia kwa bidhaa nyingine ya bei ileile. Akanionyesha skafu ya tartani (kitambaa cha miraba) ya Livingstone, sufi nzuri. Nilimwachia karatasi yenye makosa matatu, nimeyapiga mstari: ngao, asili moja, Ayalandi. Akaibandika kwenye ubao nyuma yake. Mwezi uliofuata nilipita tena, hati zilikuwa zilezile rafuni. Ndiyo maana nyota ni mbili, zote za seremala.

Kama bado unaitaka kwa ajili ya ukuta, omba uisome yote kabla ya kulipa, na uliza kama ukoo wako una zaidi ya asili moja. Wakishindwa kukujibu, pauni 7.50 za ScotlandsPeople zitakufikisha mbali zaidi.

Fremu nimebaki nayo. Hati nimeitoa nikaikunja ndani ya boksi pamoja na risiti. Binamu yangu alikwenda kanisani Kasulu, akaomba daftari la ubatizo, akaupiga picha ukurasa kwa simu, nami nikauchapisha hapa mtaani. Kuna namba ya mstari, tarehe, jina la mtoto, baba, mama, mbatizaji. Jina la mtoto limeandikwa kwa wino wa buluu, Livingstoni, kwa i. Na kwenye safu ya wadhamini, mwandiko uleule, jina hilohilo, kwa i vilevile.